Malazi ya Mgeni Mjini

Mtu atokaye Mwika, aliyezoea baridi ya mlimani na kivuli cha migomba, hapati usingizi upesi mjini Moshi. Joto humsumbua, na honi za magari humwamsha alfajiri. Chumba cha bei nafuu kina kitanda, ndoo na kufuli, hakina mwenyeji. Kwao mgeni hupokewa kwa kata ya mbege. Hapa huulizwa fedha kabla ya jina.

Lakini Moshi ulipata kuwa na malazi ya namna nyingine. Wakulima wa kahawa, walioungana katika KNCU mwaka 1933, walijenga jengo kubwa mjini, na ghorofa za juu zikatiwa vyumba vya wageni vilivyoitwa Coffee Tree. Havikuwa na fahari. Lakini mkulima alilala chini ya dari iliyolipiwa na kahawa yake. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Vilirudishwa katika miaka ya 1980, lakini mkulima alikwisha jifunza kwamba kilichojengwa kwa miaka chaweza kuondoka kwa amri.

Unyonge wa mgeni hautokani na ugumu wa godoro, bali na kukosa sehemu katika nyumba alalamo.