Gundi Haikuwa na Kosa

Wateja wangu waliniita Dokta, nami sikuwahi kuwakataza. Nilimaliza sekondari mchepuo wa Baiolojia na Kemia, nikakosa nafasi ya chuo, nikaingia kazi ya kupamba watu: nyusi, kucha, uso wa bibi harusi, na baadaye wanamitindo wa maonyesho ya mavazi. Saluni yangu ilikuwa Nyamirambo, hatua chache kutoka Biryogo, mtaa uliokuwa ukiongea Kiswahili barazani miaka mingi kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Chumba kimoja, vioo viwili, na beseni la kuoshea nywele lililovuja. Juu ya kabati niliweka kitabu changu cha kemia cha shule, mgongo wake ukiwatazama wateja. Sikukisahau pale. Nilikiweka.

Ndani ya kabati ndimo ulimokaa mkorogo.

Sikukamatwa na mtu, na hakuna anayenidai. Naandika kwa sababu ya usiku mmoja wa Juni 2018 na sentensi moja niliyoitamka usiku ule.

Ilikuwa nyuma ya ukumbi, kwenye chumba cha kuvalia. Pasi zinafuka mvuke, wasichana wanagombea kioo, mtu anatafuta kiatu cha mguu wa kushoto. Mwaka ule mafundi wa Kigali walikuwa wanatembea vifua mbele. Tangu 2016 serikali ilikuwa imepandisha ushuru wa caguwa, yaani mitumba, kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na kila kona paliimbwa Made in Rwanda. Januari ya 2018 mwigizaji Winston Duke alikuwa amepita kwenye uzinduzi wa filamu ya Black Panther akiwa amevaa House of Tayo, mavazi ya hapa hapa Kigali. Kwa hiyo kila msichana aliyekuwa chumbani mle aliamini kwamba dunia iko mlangoni inapiga hodi, na kila mmoja alitaka ikifunguliwa mlango imkute amependeza.

Binti ninayemsema alikuwa na gauni la mgongo wazi. Kifua kilishikiliwa na utepe wa gundi wa pande mbili, ule unaobandikwa upande mmoja kwenye kitambaa na wa pili kwenye mwili. Alipita jukwaani vizuri sana, watu wakapiga vigelegele, akarudi anacheka. Nikaanza kumvua. Utepe wa kwanza ulitoka salama. Wa pili, chini ya kwapa, niliuvuta taratibu, nikaona unakuja na kitu. Utando. Kama ule utando wa juu ya maziwa ukiunyanyua kwa ncha ya kijiko, unavyojikunja na kufuata mkono. Chini yake palibaki ukanda wa waridi, urefu wa kidole, unaolowa.

Akasema, "Dokta, ni nini hicho?"

Nikamjibu, "Ni gundi hii. Una mzio nayo. Mafundi hawa wananunua gundi za bei rahisi."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, gauni mkononi. Alinisikia.

Mimi nilijua. Nilijua kabla utepe haujaachia mwili wote, kwa sababu miezi minane nyuma binti huyu alikuja saluni akiwa mweusi wa kung'aa, akanionyesha picha kwenye simu, msanii wa muziki anayependwa sana, akaniambia nataka kuwa hivi. Nikampa chupa. Kila mwezi akarudi kuchukua nyingine, faranga 15,000, hakuwahi kukopa.

Nieleze kilichokuwa ndani, maana ndicho nilichowaficha wateja huku nikijifanya nawafundisha. Msingi ulikuwa losheni ya kawaida ya mwili. Juu yake nilikamulia tyubu za klobetasoli, krimu ambayo daktari humpa mgonjwa wa soriasisi au pumu kali ya ngozi, apake sehemu ndogo, isizidi gramu 50 kwa wiki, na baada ya wiki mbili aache. Ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Huminya mishipa midogo ya damu, ngozi ikapauka upesi. Na huo mpauko ndio kipimo cha wanasayansi wenyewe, tangu miaka ya 1960 wanapima nguvu ya steroidi kwa kuangalia imepausha ngozi kiasi gani. Wateja wangu waliporudi wiki ya kwanza wakisema "Dokta, naanza kung'aa", walichokuwa wakinisomea ni ukali wa dawa. Huku juu wanang'aa, kule chini dawa inazuia mwili kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoifanya ngozi iwe ngozi. Inabaki karatasi.

Kisha hidrokwinoni. Hii ndiyo niliyopenda kuieleza. Nilikuwa nachukua kalamu, nachora seli, nasema kwa sauti ya upole kwamba ndani yake kuna kimeng'enya kiitwacho tirosinasi kinachotengeneza melanini, na krimu hii inakizuia tu, haidhuru kitu kingine. Mteja akisikia neno tirosinasi anafungua pochi. Nusu ya kwanza ya somo ilikuwa kweli. Nusu ya pili sikuitaja: kwamba melanini ni mwavuli, na sisi tunaishi karibu na ikweta, kwenye mji ulio juu ya mita 1,500, jua likitupiga wima, kwamba ukiipaka hidrokwinoni miaka mingi huweza kukugeuka, ikakuachia mabaka ya bluu-nyeusi mashavuni yasiyotoka hata kwa dua. Daktari mmoja wa Afrika Kusini, Findlay, aliyaandika madhara hayo tangu 1975. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye vipodozi vya kujing'arisha mwaka 2001. Kitabu kilikuwa juu ya kabati, lakini hata siku moja sikukishusha kutafuta nusu ya pili.

Cha tatu kilikuwa kikopo kisicho na maandishi, kutoka ng'ambo ya mpaka. Kilinifikia ndani ya mfuko wa plastiki, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Mtu anayekuletea kipodozi ndani ya mfuko wa magendo amekwisha kukuambia kila kitu. Nilikoroga jikoni kwangu, kwa mwiko wa ugali, mwanangu akifanya kazi za shule mezani.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko kemia. Picha ile ya kwenye simu, nilijua ilivyotengenezwa. Hiyo ndiyo kazi yangu! Nimepaka poda nyuso za wasanii, najua unachukua fandesheni iliyopanda rangi mbili juu ya ngozi ya mtu, unashusha mpaka shingoni na mabegani, unawasha taa ya duara mbele ya macho, na simu yenyewe inamalizia kwa kulainisha. Msanii akinawa, anarudi kuwa mtoto wa mama yake. Ningeweza kumkalisha binti yule kwenye kiti, nikamwashia taa ile ile, nikampiga picha, nikamwambia tazama, umefika, ni elfu tatu. Badala yake nilimuuzia dawa ili mwili wake ufanane na balbu.

Na wala si kwamba watu maarufu walikuwa wanasema kitu kimoja. Mwaka 2014, kutoka Kenya peke yake, zilitufikia sauti mbili. Sosholaiti Vera Sidika alikaa kwenye televisheni akakiri bila kupepesa macho kwamba amebadilisha rangi yake, na kwamba mwili wake ndio biashara yake. Mwaka huo huo mwigizaji Lupita Nyong'o, akiwa Marekani, alisimulia alivyokuwa akimwomba Mungu utotoni aamke na ngozi nyeupe, mpaka alipomwona Alek Wek, mwanamitindo wa kutoka Sudan Kusini, mweusi tii, anasifiwa na dunia nzima. Saluni kwangu tulizisikia zote mbili. Ya Lupita tuliisifu, tukasema maskini, ameongea vizuri. Ya Vera tuliiuliza bei. Sitamlaumu Vera. Yeye angalau alisema alichofanya.

Nirudi kwenye ule utepe. Kinyarwanda husema kwitukuza, kujifanya mwekundu, na hilo ni neno la rangi tu, halimtishi mtu. Kiswahili ni kikatili zaidi: kujichubua. Unachubua mti, unachubua goti ukianguka. Nililitumia neno hilo kila siku, kwa wateja na kwa utani ("uso Fanta, vidole Coca-Cola", maana vifundo vya vidole huwa vinakataa kubadilika), na sikulisikia linachosema mpaka liliponing'inia kwenye gundi mbele ya macho yangu.

Baada ya onyesho lile ungetegemea niseme niliacha. Wiki mbili baadaye binti alikuja, kidonda kimefunga, ila kwenye mapaja ameanza michirizi mipana ya zambarau. Akaniuliza kama inatokana na kunenepa. Nikasema ndiyo, umenenepa kidogo. Nikamuuzia chupa. Hilo ndilo ungamo. Mengine yote ni maelezo.

Novemba ya mwaka ule Rais Kagame alimjibu mwananchi mmoja kwenye Twitter kuhusu vipodozi hivi, akitaka Wizara ya Afya na Polisi walishughulikie jambo hilo haraka. Mafuta hayo tayari yalikuwa marufuku, lakini sasa wakaguzi waliingia madukani na masokoni kweli kweli, wakabeba makopo kwa maboksi. Mimi nilificha yangu chini ya katoni ya rasta. Wakaguzi walifika mtaa wa jirani, wa kwetu hawakuufikia siku ile. Usiku nikazimwaga chupa zote chooni, huku nikijisifu moyoni kwamba nimeacha kwa hiari yangu.

Ndipo nikaanza kusoma, safari hii bila mteja. Nikakuta kwamba habari ya hidrokwinoni ilianzia kwenye ajali ya kazini: mwishoni mwa miaka ya 1930, kwenye kiwanda cha kusindika ngozi huko Marekani, ngozi za wanyama, si za watu, wafanyakazi waliovaa glavu za mpira walianza kupoteza rangi mikononi. Kwenye mpira ule mlikuwa na kemikali ambayo ni binamu wa hidrokwinoni, iliyowekwa ili glavu zisizeeke haraka. Kwao lilikuwa dhara, wakatafutiwa daktari. Nikakuta pia kwamba Nairobi, mwaka 1972, madaktari walichapisha habari za wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa figo kuvujisha protini, na 32 kati yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. 1972! Mama yangu alikuwa hajaolewa. Zebaki haitangazwi kwenye kopo, haina harufu, na mvuke wake haumchagui aliyepaka: unaingia kwenye taulo, kwenye mto, kwa mtoto anayefanya hesabu mezani. Nikakumbuka kikopo kisicho na maandishi. Nikautupa mwiko.

Kwa fundi nilikwenda mwaka uliofuata. Nilimkuta Biryogo, mbele ya chai ya tangawizi. Tulisalimiana, akaniambia, "Dada, karibu," akanivutia kiti. Kabla sijaanza alinionyesha gauni alilokuwa analishona: ndani ya kifua ameshonea mpira mwembamba wa kujivuta na vifupa vya plastiki, hakuna gundi hata tone. Alisema tangu siku ile alitupa roli zote, na wateja wawili walimkimbia kwa sababu habari ilienea kwamba vitu vyake vinababua. Nikamwambia haikuwa gundi. Alinitazama muda mrefu, akakunja gauni, akauliza, "Na mwenyewe anajua?"

Nilimpigia binti usiku ule. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa kwa kilio. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema alijua siku nyingi. Daktari wa ngozi alimwambia kabla hata hajakaa vizuri. Aliwahi kuacha mkorogo kwa ghafla, akaishiwa nguvu mpaka akashindwa kupanda ngazi, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zimezoea kufanyiwa kazi na dawa, zikalala. Sasa alikuwa anapunguziwa dawa kidogo kidogo. Hakuniuliza kwa nini. Aliniomba kitu kimoja: niandike kilichokuwemo na kwa kipimo gani, daktari anahitaji.

"Wewe si Dokta? Utakuwa umeandika mahali."

Nilikaa na karatasi mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Losheni, chupa moja kubwa. Klobetasoli, tyubu tatu, pengine nne, pengine sita mwezi wa harusi nyingi. Hidrokwinoni, kijiko cha chakula, cha kujaa. Mstari wa nne niliandika "kikopo", nikaweka nukta mbili, na baada ya nukta mbili sikuwa na kitu cha kuandika. Nikaipiga picha karatasi ilivyo, nikamtumia.