Embe la Shimoni

Nyuma ya jiko la bibi, Muheza, palisimama mwembe ambao hakuna aliyeupanda. Kokwa lilitupwa kwenye shimo la taka pamoja na majivu na maganda ya mihogo, likaota, bibi akauonea huruma mche, na baada ya miaka minane hivi ukazaa embe ambalo halikuwa dodo wala bolibo: dogo, la rangi ya chungwa mpaka kwenye kokwa, harufu yake ikitangulia kapu kufika barazani. Tulilibonyeza viganjani mpaka likawa uji ndani ya ganda, tukaling'ata ncha, tukanyonya, utomvu ukituchoma pembe za midomo, na nyuzi tukazichokoa hadi kandili inazimwa.

Leo nina miembe 40 Mkuranga. Yote ya kubebesha, aina ya Tommy Atkins. Mwaka wa 4 ilianza kuchangia ada ya shule.

Sitadai kwamba la zamani lilikuwa bora kwa kila kitu. Mjomba aliwahi kupeleka tenga zima sokoni Tanga. Lilifika linachuruzika, akarudi na nauli tu. Tommy Atkins langu husafiri mpaka Dar bila kovu. Vitukuu wa bibi hawalipendi, lakini wanasomeshwa nalo.

Nilidhani Tommy limetoka maabara. Kumbe nalo ni la kokwa, mtoto wa Haden, lililoota Florida miaka ya 1920, na wataalamu wa huko walilikataa mwanzoni kwa ladha hafifu na nyuzi. (Nyuzi!) Wakulima walilipanda hata hivyo, kwa wekundu wake na kwa kukaa siku nyingi bila kuoza. Haden lenyewe lilitokana na kokwa la Mulgoba, embe la Kihindi, alilopanda Kapteni John Haden mwaka 1902. Mti ulizaa 1910. Mwenyewe alikuwa ameshafariki, ila wengine walikata vikonyo wakavibebesha kwenye miche mingine.

Wetu hakuna aliyeukatia kikonyo. Mjomba alipotafuta nafasi ya choo, mwembe wa shimoni ukawa mkaa, magunia sita.

Miche yangu kwa chini ni ya makokwa ya kienyeji, yaliyookotwa popote. Florida inaanzia kwenye kiungo. Msimu uliopita kikonyo kimoja kilikauka, na chini ya kiungo pakachipua majani mekundu. Kijana wa shamba alikuja na mkasi.

Nimemwambia auache mche kwanza.