Shikamoo kwa Mwenye Bomba

Kuna wanaoipenda Mad Max: Fury Road kwa ajili ya magari. Siwalaumu. Filamu hiyo ya George Miller ya mwaka 2015 ni kama saa mbili za kufukuzana jangwani, na kwenye Oscar ilirudi na tuzo sita. Lakini mimi kila nikiirudia nasubiri tukio moja la mwanzoni, kabla magari hayajashika kasi.

Dunia imekwisha. Waliobaki wamejazana chini ya majabali marefu, ndiyo Ngome yenyewe, wamevaa matambara na kushika sufuria, mabeseni na chochote kinachoweza kubeba maji. Juu yao, kwenye roshani ya mwamba, anatokea mzee mwenye nywele nyeupe na barakoa ya meno makubwa inayomsaidia kupumua. Ni Immortan Joe. Anavuta vishikio, maji yanamwagika kama maporomoko, watu wanakanyagana. Kabla hata nusu yao hawajapata, anafunga. Halafu, jamani, anawapa nasaha: wasiyazoee maji, maana yatawateka, na wakiyakosa watanung'unika.

Hapo huwa nacheka, lakini ni kicheko cha mtu anayemfahamu huyo mzee.

Mhesabie Joe mateka wake, utaona hawafungwi kwa namna moja. Wapo wanaofungwa kwa kufuli: wake zake watano wamewekwa kwenye chumba chenye mlango mzito kama wa hazina ya benki, naye Max anafungwa minyororo ili damu yake iwekwe kwenye mishipa ya askari mgonjwa. Wapo wanaofungwa kwa ahadi: wale vijana waliopakwa weupe, wanaokufa mapema kwa maradhi, wameaminishwa kwamba wakifia vitani kwa ajili yake watapokewa peponi. Na upo umati wa chini. Huo hauna kufuli wala ahadi, wala haujazungushiwa ukuta. Jangwa liko wazi pande zote, mtu yeyote anaweza kuondoka leo hii. Aende wapi? Maji yako pale.

Wengi tukizungumzia udikteta tunawatazama wa minyororo. Mimi nawatazama wa mabeseni.

Nilikulia Dar es Salaam, upande wa Mbagala. Mwaka 2006 watu wa rika langu wanaukumbuka vizuri: ukame, mabwawa ya kufua umeme yamepungua maji, mgao wa umeme usiokwisha. Bomba la mtaani kwetu lilikuwa linakohoa hewa tu. Kilichotuokoa ni kisima kirefu cha jirani mmoja aliyekuwa na pampu na jenereta. Alikuwa kijana tu, hata arobaini hajafika. Bei ya dumu la lita 20 ilikuwa ile aliyoamka nayo asubuhi hiyo.

Ila si bei ninayoikumbuka. Nakumbuka salamu. Mtaani tulikuwa na babu mmoja fundi cherehani, mtu wa heshima, ambaye watoto wote tulimkimbilia kumwamkia. Asubuhi moja nikiwa kwenye foleni nilimsikia akimwambia yule kijana, "Shikamoo, bosi." Alisema kwa utani, huku akitabasamu. Kijana akajibu, "Marahaba." Hakutabasamu. Foleni nzima ilisikia, na hakuna aliyecheka. Msomaji wa Kiswahili sina haja ya kumweleza kilichotokea pale. Kwetu umri hauuzwi wala haununuliwi, na asubuhi ile uliuzwa kwa madumu mawili.

Baada ya siku chache mama mmoja muuza vitumbua alilalamika kuhusu bei, kwa sauti. Kesho yake ndoo zake zilitolewa kwenye mstari, akaambiwa, "Wewe maji yako yamekwisha." Foleni ikasogea kuziba nafasi yake. Mwenye nguvu mpishe.

Jioni, giza lilipoingia, mama yangu alinipa dumu lililojaa nusu, akalifunika kwa khanga, akasema, "Mpelekee jirani. Usipite barabarani." Nilipofika nilikuta mlangoni kwake kuna madumu matatu tayari, kila moja na khanga yake. Hakuna kikao kilichofanyika. Hakuna aliyempangia mwenzake. Na kesho yake alfajiri kina mama wale wale walikuwa kwenye foleni, wakimsalimia mwenye kisima kwa adabu zote.

Nimelisimulia hili kwa sababu ya ubishi. Niliitazama Fury Road na binamu yangu kwenye kompyuta yake. Kama umeiona, unakumbuka kwamba Furiosa anawatorosha wale wake watano ndani ya lori la vita. Njiani Angharad, mjamzito, anaanguka na kugongwa na gari la Joe mwenyewe. Mdogo wao, Cheedo, anapotambua kwamba dada yao hatarudi, anageuka na kuanza kukimbia kurudi kwa Joe. Analia kwamba bwana yule atawasamehe. Wenzake wanamkimbilia na kumzuia.

"Mjinga huyu," binamu akasema. "Wangemwacha aende."

Nilimwambia si mjinga. Anapiga hesabu. Nyuma kuna mtu anayemdhulumu lakini anajulikana saa zake za kutoa maji. Mbele kuna mchanga. Sisi tuliokaa kwenye kochi na chupa ya maji mezani tunaiona hesabu hiyo kuwa ya woga. Mwenye dumu tupu anaiona kuwa ya kawaida kabisa.

Na Miller, kwa hili nampa heshima zake, hamwachi Cheedo hapo. Karibu na mwisho, vita vikiwa vimechacha, binti huyo anamnyooshea mkono Rictus, mtoto wa Joe, anamwomba amchukue amrudishe. Rictus anamwamini. Kwa nini asimwamini? Ndiyo sauti aliyoizoea kwa watu wa chini yake siku zote. Anamvusha kwenye gari la baba yake, na kutoka huko Cheedo anamshika mkono Furiosa na kumsaidia kupanda. Bila unyenyekevu ule wa uongo, Furiosa asingemfikia Joe.

Nilipoliona tukio hilo nilikumbuka zile khanga. Shikamoo ya alfajiri na dumu la usiku vilitoka kwa mtu yule yule. Mtawala anayeshibishwa na salamu ana udhaifu huo mmoja: hawezi kujua salamu ipi ni ya kweli.

Mtaani kwetu hakukuwa na Furiosa. Mvua za vuli zilinyesha, kila nyumba ikatega mabeseni chini ya bati, na ndani ya wiki hiyo babu fundi cherehani alianza tena kumwita yule kijana "mwanangu". Basi. Mbingu ndizo zilizompindua. Miller naye alikumbana na jambo linalofanana na hilo: alipotaka kupiga filamu Australia, mvua kubwa ilinyesha jangwani, maua yakachanua, ikabidi wahamie Namibia kutafuta ukame. Mvua ilimharibia mwisho wa dunia.

Lakini katika hadithi yake hakuna vuli inayokuja. Ndiyo maana uamuzi mkubwa wa filamu, kwangu mimi, ni ule wa kugeuza lori. Nchi ya kijani waliyokuwa wanaikimbilia imeshageuka tope lenye sumu. Wanaweza kuendelea kuzunguka kwenye chumvi hadi mafuta yaishe, au warudi kule walikotoroka, kwenye maji. Wanarudi. Ukombozi wao haukuwa kulikimbia bomba. Ulikuwa kulishika.

Nina lawama moja. Filamu haitupi jina la mtu hata mmoja mwenye beseni. Tunawajua wake, askari, hata mpiga gitaa. Umati unabaki umati, wa kumwagiwa maji mwanzoni na kumwagiwa maji mwishoni. Ningependa kusikia wanavyosemezana usiku, Joe akiwa amelala.

Hata hivyo tazama vizuri dakika zile za mwisho. Maiti ya Joe imeonyeshwa, Furiosa anapandishwa juu akiwa na majeraha, Max anapotelea kwenye umati. Mabomba yanafunguliwa, na anayeyafungua si Furiosa. Ni wale kina mama wanene waliokuwa wakikamuliwa maziwa kama ng'ombe kwa ajili ya wakubwa wa Ngome. Wanakwenda kwenye mitambo na kuyaachia maji. Filamu haituonyeshi mtu akiwaelekeza. Miaka yote ile waliishi humo humo ndani, wakikamuliwa na kunyamaza. Nadhani walishajua kitambo kila kishikio kinafungua nini.