Tanzania, J. ya M. wa

Kwetu Kilimarondo bado wananiuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana shamba la mikorosho nimewaachia wadogo zangu. Napanga vyanzo vya watafiti: kaandika nani, mwaka gani, ukurasa upi, na karatasi yenyewe iko wapi.

Nilianza na kadi ngumu ndani ya boksi la viatu, nikiwasaidia waliokuja Nachingwea kufuatilia Mradi wa Karanga. Waingereza waliuanzisha mwaka 1947, wakafyeka pori, wakajenga reli, na mwaka 1951 wakaachana nao huku pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimezama. Reli nayo iling'olewa baada ya uhuru. Mradi ule ulizaa karatasi kuliko karanga: nyingine ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nyingine katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Boksi la viatu halikutosha.

Zotero, programu ya kupangia vyanzo, nililetewa na mtafiti mmoja kwenye flashi. Ilitolewa mwaka 2006 na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Ni ya bure na, kilichonivuta zaidi, haikudai intaneti kila saa. Ukiwa mjini na bando lako unavuta makala. Ukirudi kijijini unasoma na kuandika, orodha ya marejeleo inajipanga yenyewe.

Vitabu havina shida. Kile cha Felicitas Becker cha mwaka 2008, kinachoeleza Uislamu ulivyoenea huku kwetu kusini, ukiingiza ISBN tu kimeshaingia, mchapishaji na vyote. Lakini bibi aliyewapikia vibarua wa karanga hana ISBN. Programu ina nafasi ya mahojiano, ila inataka jina la kwanza na la ukoo. Jina la mwisho kwenye kitambulisho cha bibi yule ni la babu yake mzaa baba. Basi orodhani akaonekana babu ndiye msemaji! Na hawa ni Wamwera, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Nilipomsomea alicheka, kisha akataka kujua huyo babu aliyajulia wapi mambo ya jikoni.

Serikali haikusalimika. Katika tasnifu za wanafunzi Jamhuri ya Muungano wa Tanzania nimeikuta mara nyingi ikiitwa "Tanzania, J. ya M. wa", na wasimamizi wamepita hapo wakaweka sahihi. Dawa ni kitufe kidogo pembeni ya jina, kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Hilo ndilo somo langu la kwanza kwa kila anayekuja kujifunza, kabla hata ya kumwonyesha namna ya kuhifadhi makala.

Kikwazo kigumu zaidi hakitibiwi na kitufe. Mtindo wa marejeleo wa APA hauyaweki orodhani mahojiano kama ya bibi yule, ambayo mtafiti ameyafanya mwenyewe: yatajwe ndani ya matini tu. Afisa wa kikoloni aliyepita siku mbili akaandika ripoti anaingia. Bibi aliyekaa hapo maisha yake yote haingii. Naona ni dhuluma, ingawa sababu yake naielewa: msomaji lazima aweze kukifikia chanzo. Ila mahojiano yaliyohifadhiwa kwenye maktaba ya nyaraka yanaruhusiwa. Kwa hiyo siku hizi nawabana watafiti kabla hawajawasha kinasa sauti: sauti hii itahifadhiwa wapi, kwa namba gani, na mzee mwenyewe anataka aandikwe kwa jina lipi? Wengine hukasirika, wakatafuta msaidizi mwingine.