Haikuwa Radi

Haikuwa radi. Maneno haya mawili nilipaswa kuyasema miaka saba iliyopita, mbele ya akina mama waliosimama uani wakizitazama friji zao zilizoungua. Sikuyasema.

Wakati ule nilikuwa fundi wa mtandao mdogo wa umeme kando ya Ziwa Kivu, hapa Goma. Tulikuwa na jenereta ya dizeli, paneli chache za jua na mtambo mmoja wa upepo. Waliotutegemea walikuwa kinu cha unga, washonaji, nyumba za jirani na wauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Upepo wa kwetu si mkali siku zote, lakini mvua inapokaribia kutoka ziwani huamka ghafla.

Katika chumba cha mitambo kulikuwa na sanduku la chuma lenye koili nzito. Umeme ulipozidi mahitaji, sanduku lile liliupokea na kuugeuza joto. Siku moja mwenye mradi aliligusa likamchoma kiganja, akaniuliza, "Fundi, mbona tunachoma umeme huku watu wanaulilia?" Jibu nilikuwa nalo. Nikaona aibu kuonekana mfujaji, nikalichomoa.

Mtandao mdogo kama wetu hauna pa kuficha ziada. Umeme unaozalishwa sasa hivi lazima utumike sasa hivi. Ukizidi, mizunguko inayotakiwa kuwa 50 kwa sekunde hupanda, na volti hufuata. Gridi kubwa ina mitambo mizito mingi inayozunguka pamoja, kwa hiyo haiyumbishwi upesi. Yetu ilikuwa nyepesi. Kila mtu hapa ameona chukudu, ile baiskeli ya mbao, ikiteremka kutoka Kibumba na mzigo wa kabichi. Anayekanyaga breki hapotezi mwendo, anataka kabichi zifike sokoni. Sanduku lile lilikuwa breki yetu.

Usiku wa tisa baada ya kulichomoa, upepo ulivuma. Kinu kilikuwa kimefungwa na watu wamelala, hivyo matumizi yalikuwa madogo. Mtambo wa upepo ukaizidi nguvu jenereta, jenereta ikajizima, na upepo ukabaki peke yake kwenye nyaya bila kitu cha kuuzuia. Nilipofika mbio na kukata swichi kuu, taa zilikuwa zimeng'aa kupita kiasi na kupasuka. Friji, televisheni na mashine za washonaji ziliharibika. Kabla ya mapambazuko nikalirudisha sanduku mahali pake, asijue mtu.

Asubuhi mzee mmoja akasema, "Ni radi hii." Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo hakuna aliyedai ushahidi. Nikaitikia, "Ndiyo, papa, ni radi." Mama mmoja, mjane, alitupa sambaza zake zote siku ile, na mtaji wake ukaenda nazo. Mwenye mradi akatumia fedha kununua vizuia radi. Uongo wangu uliwafanya watu watibu ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Miaka ikapita, nikasoma habari za Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Kule mitambo miwili ya upepo, ya kilowati 275 kila mmoja, ilikuwa ikifanya kazi na jenereta za dizeli. Mwaka 2016 kampuni ya ABB ilitangaza kwamba mtandao huo ungewekewa gurudumu zito linalozunguka kwa kasi: upepo ukizidi linameza nguvu, ukilegea linairudisha. Niliweka karatasi chini. Wenzangu walikuwa wakigharamia ulinzi ambao mimi niliuchomoa kwa mikono yangu, kwa ajili ya sifa.

Mwezi uliopita nilimweleza mwenye mradi, kisha nikaenda sokoni kwa yule mjane. Alinisikiliza huku akipanga samaki. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Ile kitu uliyochomoa, sasa iko?" Nikamjibu iko. "Na nani anailinda?"

Deni la friji nimeanza kulilipa. Kuhusu swali lake, niliwachukua vijana wawili ninaowafundisha kazi, nikawasimamisha mbele ya sanduku lile likiwa na joto, nikawaeleza linafanya nini. Kisha nikawasimulia usiku ule wote, pamoja na asubuhi yake.