Mchezo wa Mezani na Bwana Wake

Ipo michezo ambayo mtu akishainunua, kazi ya aliyeiuza imekwisha. Bao ni bao, na karata ni karata. Lakini upo mchezo mmoja uliozaliwa Marekani ambao tangu mwaka 1974 umewasumbua vichwa wanaouchapisha, kwa sababu wanachokiuza hasa ni kanuni tu, na mchezo wenyewe hutungwa na wanunuzi. Mchezo huo huitwa Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi kuizunguka meza, kila mmoja akijitwalia nafsi ya mtu wa kubuniwa: huyu askari mwenye upanga, yule mchawi, mwingine mwizi. Mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi. Ndiye anayewaambia wenzake kwamba mbele yao pana mlango wa chuma, na nyuma ya mlango kuna sauti ya kitu kinachopumua. Wenziwe hueleza watakalotenda, kisha dadu hurushwa, nyingine zikiwa na nyuso 20, ili ijulikane kama wamefaulu au wameangamia. Ni kama ngano za jioni, ila hapa wasikilizaji nao wamo ndani ya ngano.

Msomaji aliyewahi kukaa nyuma ya meza ya duka atauona mara moja ugumu wa biashara hii. Mtu mwenye vitabu vitatu vya kanuni, kalamu ya risasi na marafiki wanne aweza kucheza miaka 30 bila kumpelekea mchapishaji hata senti moja zaidi. Mteja akirudi, amerudi kwa kupenda, wala hakuna shida yoyote iliyomrudisha. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo wenye mchezo walilosahau mara kwa mara, na kila waliposahau waliumia.

Mwanzo wake ulikuwa wa nyumbani kabisa. Gary Gygax, mkazi wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, alipoteza kazi yake ya bima mwaka 1970, akawa fundi viatu ili kuwalisha watoto wake watano. Yeye na Dave Arneson wa Minnesota waliutunga mchezo huo, na wachapishaji waliofuatwa hawakuutaka. Basi mnamo Oktoba 1973 Gygax na rafiki yake wa tangu utotoni, Don Kaye, walianzisha kampuni iliyoitwa Tactical Studies Rules. Kaye alikopa fungu lake kwa dhamana ya bima ya maisha yake. Muda si muda akaingia mtu wa tatu, Brian Blume, akiwa na dola 2,000. Nakala 1,000 zikapigwa chapa mwanzoni mwa 1974, zikauzwa kwa dola 10 kila moja, na masanduku yakapangwa kwa mikono nyumbani. Yaliisha yote.

Mwezi Januari 1975 Kaye alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 36. Hakuwa ameacha agizo lolote kuhusu hisa zake, hivyo zikaangukia kwa mjane wake pamoja na mali nyingine zote. Gygax hakuwa na fedha za kuzinunua. Aliyekuwa nazo ni baba yake Blume, akazinunua yeye. Hivyo, kabla mchezo haujatimiza hata miaka miwili, mtungaji wake alikuwa mwenye sehemu ndogo katika kampuni aliyoianzisha mwenyewe, na yote hayo kwa kukosa karatasi moja ambayo wabia watatu wangeweza kuiandika mezani kwa jioni moja. Matunda yake yalichukua miaka 10 kuiva. Mwaka 1985 ndugu wa ukoo wa Blume waliuza hisa zao kwa Lorraine Williams, na Gygax akatoka.

Si haki kusema kwamba mambo yalikuwa mazuri hadi siku hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha zilimiminika, na kampuni, ambayo sasa iliitwa TSR, ikafikia hata kununua biashara ya kazi za sindano na nyuzi. Kazi za sindano ni kazi njema, lakini wapigaji wa majoka hawakuwa na haja nazo.

Uongozi mpya ulijua kuchapa. Mchezo ulianza kuwa na ulimwengu wa kila namna, kila mmoja na vitabu vyake, ramani zake na masanduku yake: Forgotten Realms mwaka 1987, Spelljammer 1989, Ravenloft 1990, Dark Sun 1991, Planescape 1994, Birthright 1995, bila kutaja Dragonlance uliotangulia. Vingi vya vitabu hivyo vilikuwa vizuri kwa kweli, na mpaka leo wapo wanaovitafuta. Tatizo ni kwamba msimulizi aliyechagua jangwa la Dark Sun hakuwa na sababu ya kununua makaburi ya Ravenloft. Wateja hawakuongezeka kwa kadiri vitabu vilivyoongezeka. Waligawanyika tu, kama sufuria moja ya chakula iliyopakuliwa katika sahani saba.

Mbona basi kampuni haikuona mapema? Jibu limo katika namna ilivyolipwa. Wafanyabiashara wetu wanajua mali kauli: unachukua bidhaa, unauza, ndipo unamlipa mwenye mali. Mkataba wa TSR na msambazaji wake mkubwa, Random House, ulikuwa kinyume cha hayo. Msambazaji alitoa fedha vitabu vilipomfikia, kabla havijauzwa, lakini alikuwa na haki ya kurudisha vilivyododa na kudai fedha zake. Kampuni inapopungukiwa, kishawishi gani kitakuwa kikubwa kuliko kuchapa kitabu kingine na kukipeleka? Fedha zilizoonekana kuwa mapato ya mauzo zilikuwa kwa sehemu mkopo. Mchapishaji aliacha kusikiliza meza za wachezaji, akawa anasikiliza mlango wa ghala.

Mwaka 1996 mauzo ya TSR yalifikia dola milioni 40. Mwaka huo huo shehena za riwaya zilizokosa wanunuzi, na za mchezo mpya wa dadu uliotegemewa sana, zilianza kurudi, na msambazaji akadai chake. Madeni yakapita dola milioni 30. Waliokuwa wakiipigia chapa na kuitunzia bidhaa hawakulipwa, wakagoma kuendelea. Kampuni ya vitabu ikawa haiwezi kutoa kitabu. Mwaka 1997 ilinunuliwa na Wizards of the Coast, kampuni changa iliyotajirika kwa mchezo wa karata, na mwaka 1999 kampuni hiyo nayo ikanunuliwa na Hasbro.

Wenye mali wapya walianza kwa busara isiyotazamiwa. Mwaka 2000, pamoja na toleo la tatu, walitoa leseni huria iliyoruhusu mtu yeyote kutumia kiini cha kanuni na kuuza visa vyake mwenyewe, bila malipo. Hesabu yao ilikuwa kwamba kila anunuaye kisa cha jirani atahitaji pia kitabu cha kanuni. Wachapishaji wadogo wengi walijenga riziki zao juu ya ruhusa hiyo. Kwa hiyo mwezi Januari 2023 ilipovuja rasimu ya leseni mpya, iliyodai asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000 na kutaka kuifuta leseni ya zamani, wachezaji walikasirika kwa kishindo. Wengi walikatisha michango yao ya malipo. Kampuni ilitoa rasimu iliyolegezwa na kuomba maoni. Watu zaidi ya 15,000 wakajibu, na asilimia 88 wakasema hawatachapisha chini yake. Tarehe 27 Januari kampuni ilisalimu amri, ikaziweka kanuni hizo za msingi, yapata kurasa 400, chini ya leseni ya Creative Commons ambayo haiwezi kuitangua tena.

Gygax hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 4 Machi 2008 huko huko Lake Geneva, akiwa hana mamlaka yoyote juu ya mchezo aliouanzisha. Baada ya mazishi, jamaa na marafiki waliokuja kumzika walikusanyika katika ukumbi mmoja wa mji huo, wakasogeza meza, wakatoa dadu, wakacheza.