Binti anapojifunza muheme kwenye simu

Mtoto wa Kigogo aliyekulia kijijini hafundishwi muheme kwa maneno. Anakaa pembeni anaangalia. Kina mama wamebana ngoma katikati ya mapaja, mikono inapiga, mabega yanarushwa, na shanga za shingoni zinaruka juu na chini. Naye ataokota dumu tupu la mafuta, alibane vilevile, apige. Akikosea anachekwa, anarudia. Huko ni kuiga, na hakuna bibi anayekuona kuwa aibu.

Shida iko kwa watoto wa mjini, ambao wa kumwiga hawako uani. Wanabaki na simu.

Mama mmoja anayeishi Dodoma mjini ana binti wa miaka 12 aliyechaguliwa kwenye kikundi cha ngoma cha shule. Mazoezi yalikuwa machache, binti akatafuta video. Kwa wiki mbili alirudia ileile moja mpaka akaishika yote, hadi namna mpigaji alivyogeuza shingo. Likizo ilipofika wakaenda Chamwino kwa bibi, na jioni ya kwanza tu akaomba ngoma apige.

Bibi alitazama mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, pale ulipogeuka, nani alikuita?"

Mama hakufurahi. Mtoto kajitahidi, anaulizwa maswali! Lakini bibi hakusema amekosea. Alieleza kwamba yule wa kwenye video aligeuka kwa sababu mwenzake alibadilisha mapigo, naye akamjibu. Mwenzake hakuonekana kwenye picha. Binti alikuwa amenakili jibu bila kusikia swali.

Muheme haipigwi na mtu mmoja. Ngoma ni kadhaa, kila moja na mapigo yake, na yanapofumana ndipo wimbo unapata pa kusimama. Basi bibi akampa binti sehemu nyepesi kuliko zote, ile ya kushikilia, akampanga na binamu zake. Jioni tatu mfululizo pigo ni lilelile. Alilalamika, na kwa kweli inachosha. Jioni ya nne, mkono wake ukachomekea kitu cha haraka kilichonuka singeli waziwazi. Majirani wakacheka. Bibi akasema tu, "Ametoka, na amerudi." Hakumkataza. Alichokuwa anasikiliza ni kama mtoto atarudi mahali pake kabla wenzake hawajayumba.

Baba wa binti huyo alikuwa na hofu nyingine, na si ya kipuuzi. Muheme ilikuwa ngoma ya unyago. Kwa familia nyingi za Kigogo unyago uliendana na ukeketaji, na wapo mama wa leo ambao sauti ya ngoma hiyo inawakumbusha siku wasiyopenda kuisimulia. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lakini desturi haikufa siku ile. Mzazi ana haki ya kuuliza binti anapelekwa wapi, na nani, kwa shughuli gani. Aulize bila kuona haya, hata kama anayemuuliza ni mama mkwe. Ila ngoma yenyewe imeshatoka unyagoni. Inapigwa shuleni, harusini, hata kanisani. Wisu ukataliwe, ngoma haijamkata mtu.

Anayedhani mila ni kubaki pale ulipokuta amtazame Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma mkoani Dodoma. Muziki aliupata nyumbani, kwa kusikiliza na kuiga. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akawa mwalimu Bagamoyo. Alitengeneza ilimba kubwa zenye vyuma vingi kuliko zile za kijijini, akazipiga ng'ambo mbele ya watu wasiojua neno la Kigogo, na bado sauti ilikuwa ya Ugogo. Alifariki mwaka 2003.

Katika familia yake zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume. Wanawake waliitikia na kupiga ngoma. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walikaa miaka mingi kwenye uitikiaji huo. Sasa wanaongoza wao, wakijiita The Zawose Queens, na mwaka 2024 walitoa albamu yao, Maisha. Ile miaka ya kuitikia ndiyo ilikuwa shule yao, na wala haikuwa fupi.

Si kila familia ina bibi Chamwino. Lakini Chamwino hiyohiyo kuna kituo cha sanaa kinachoandaa tamasha la muziki wa Kigogo, ambako vikundi vya vijijini hukutana, watoto kwa wazee. Ukimpeleka mwanao, msikae mbele kwenye viti vya wageni. Mpeleke ubavuni, mahali anapoona mikono. Na akitaka kurekodi, mwambie arudi nyuma hatua tano ili kikundi chote kiingie kwenye picha, anayeita na anayeitika.